Naomba ushauri: nimeongeza 5.1 kwenye programu ya muziki, sauti zinahama spika

Fundi_Ntinda: Wakuu, nimekwama. Naongezea programu huria ya kutengenezea muziki uwezo wa 5.1 (spika tano na subwufa moja). Mikseri yake (sehemu inayochanganya sauti) ilijengwa kwa chaneli 2, kwa C++. Nimebadilisha 2 kuwa 6 kila mahali, inakompaili vizuri, ila mwimbaji wa katikati anatokea kulia na mpigaji wa nyuma kushoto hasikiki kabisa. Kosa liko wapi?

Mama_Mikseri: Namba peke yake haitoshi, ndugu yangu. Chaneli 4 zinaweza kuwa spika nne za kona au ambisoniki ya daraja la kwanza (njia ya kubeba sauti ya pande zote), na namba 4 haitakwambia ni ipi. Kila mkondo wa sauti ubebe mpangilio wake wa spika. Halafu kuna plagini (programu ndogo za kuchakata sauti) za stereo: zinashika chaneli 1 na 2, nne zilizobaki zinapita bila kuguswa. Plagini ikiwa na ucheleweshaji, mbele inachelewa na nyuma inatangulia. Kwa VST3 (aina ya plagini), iulize plagini kwa amri ya setBusArrangements kama inaukubali mpangilio wako kabla ya kuiwasha.

Besi_ya_Gulu: Kwanza spika zikae sawa. Za mbele nyuzi 30 kila upande, za nyuma kati ya 100 na 120, zote umbali mmoja na kichwa cha msikilizaji. Watu hulaumu msimbo wa programu wakati spika iko juu ya kabati.

Mama_Mikseri: Fundi, kadi yako ya sauti ina matundu mangapi ya kutolea?

Fundi_Ntinda: Mawili.

Kodi_Mbale: Basi kisa hiki cha kutunga. Kwa matundu mawili umejuaje nyuma kushoto kuko kimya?

Fundi_Ntinda: Sijatunga, ssebo. Natoa faili la WAV, mteja wa Jinja analicheza kwa amplifaya ya HDMI. Ni embaire ya Busoga, marimba makubwa ya magogo juu ya shimo, wapigaji sita. Mngurumo wa shimo nimeuweka kwenye LFE (chaneli ya besi, ya subwufa), naye anausikia nyuma kulia. Nimeshamwahidi Jumamosi, ndiyo maana sitaki kuibomoa mikseri. Mpangilio wangu: kushoto, katikati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, LFE.

Kodi_Mbale: Nafuta kauli, dalili zinalingana moja kwa moja. Huo ni mpangilio wa filamu. WAV inataka kushoto, kulia, katikati, LFE, nyuma kushoto, nyuma kulia. Kwa hiyo katikati yako imeangukia kulia, nyuma kushoto imemezwa na subwufa, LFE imetupwa nyuma kulia. Panga upya pale tu unapoandika faili, na kwenye kichwa cha faili weka alama ya spika 0x3F. Kisha mtumie la majaribio: sauti ya mtu ikitaja jina la kila spika kwa zamu.

Mama_Mikseri: Na shimo usiliache kwenye LFE pekee! Faili likishushwa kuwa stereo, katikati na nyuma huongezwa mbele kwa desibeli 3 pungufu, LFE kwa kawaida hutupwa. Embaire bila shimo lake ni nusu ya ala.

Fundi_Ntinda: Lakini mteja ana amplifaya.

Mama_Mikseri: Wajukuu wa wapigaji watasikilizia simu. Weka mngurumo kwenye spika za mbele, LFE iongezee tu. Onyesho lina urefu gani?

Fundi_Ntinda: Dakika 95.

Kodi_Mbale: Biti 24, 48,000 Hz, chaneli 6 ni baiti 864,000 kwa sekunde. WAV ya kawaida inagota kwenye GB 4, kabla ya dakika 83. Andika RF64 (aina ya WAV isiyo na kikomo hicho), au gawa mara mbili, maana si kila kichezaji kinaisoma RF64.

Fundi_Ntinda: Nagawa mara mbili. Faili la majaribio linaondoka leo usiku.