Aota kuchanika: mbona asubuhi na wakati wa baridi?

Mdadisi: Wakuu, nasikia ukuta wa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, huchanika zaidi asubuhi. Ni kweli? Na baridi inahusika vipi?

Daktari wa zamu: Kweli. Takwimu za IRAD, rejista ya kimataifa ya wagonjwa waliochanika aota, wagonjwa 957 wa 1996 hadi 2000, zilionyesha matukio mengi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana, kilele saa 2 hadi saa 3. Kwa miezi, Januari iliongoza, wakati wa baridi nchi za kaskazini. Ukiamka, adrenalini hupanda, presha na mapigo ya moyo yakafuata. Ukuta uliodhoofika huelemewa. Baridi nayo hubana mishipa midogo, presha ikapanda.

Mfamasia: Ndiyo maana dozi ya dawa ya presha inayoisha nguvu alfajiri huponza. Pima presha asubuhi kabla ya dawa, ukiwa umekaa dakika 5, mara 2. Ikiwa juu, mpelekee daktari namba hizo. Beta-bloka, dawa ya kupunguza mapigo na presha, usiikatishe ghafla!

Nesi wa ICU: Ila saa isiwadanganye. Maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni saa 8 usiku ni dharura ileile. Hospitalini mapigo hushushwa kwanza, chini ya 60 kwa dakika, kisha namba ya juu ya presha hadi 100–120. Ukitanguliza dawa ya kutanua mishipa peke yake, moyo hukimbia na mpasuko hurefuka.