Mlango wa zamani wa gereji: nini nifanye mwenyewe, nini nimwachie fundi?

Mkazi wa Columbus
Habari zenu, ndugu zangu. Tumenunua nyumba hapa Columbus, Ohio, iliyojengwa miaka ya 1960. Mlango wake wa gereji ni wa mbao, wa vipande vinavyopanda darini kwa reli, na upana wake unatosha magari mawili. Umepakwa rangi juu ya rangi, unapiga kelele, na mota yake haina yale macho ya usalama yanayowekwa karibu na sakafu. Watoto hupita hapo kutwa nzima. Je, unafaa kutengenezwa, au tuuondoe? Kama ni kuuondoa, mimi na shemeji yangu tunaweza kuung'oa wenyewe, na mabaki yake tuyapeleke wapi?

Fundi Milango
Ndugu, hongera kwa nyumba. Nianze na mota, kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Hapa Marekani, mota za milango ya gereji za nyumbani zilizotengenezwa tangu tarehe 1 Januari 1993 zinatakiwa kuwa na kinga ya kuzuia mtu asibanwe, ambayo mara nyingi ni hayo macho mawili. Yako inaelekea kuwa ya kabla ya hapo. Ichomoe kwenye umeme leo, usisubiri mwisho wa wiki.

Sasa mlango wenyewe. Uzito wake haubebwi na mota bali na springi, nayo mota husukuma tu kile kidogo kinachobaki. Kupima springi, hakikisha mlango umefungwa kabisa, vuta kamba nyekundu inayoutenga na mota, kisha uinue kwa mikono hadi usawa wa kiuno na upunguze nguvu taratibu bila kuondoa mikono. Mlango uliosawazishwa hutulia hapo. Ukishuka kwa nguvu, urudishe chini na usiutumie. Kamba hiyo isivutwe kamwe mlango ukiwa juu, maana springi ikiwa imekatika, mlango wote huanguka. Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000 ya kufungua na kufunga, ambayo kwa familia inayotumia mlango mara nne kwa siku haifiki miaka saba.

Kwa maoni yangu uondoeni. Ila kwanza nieleze: springi ziko wapi?

Mama Neema
Naomba niongezee kuhusu rangi. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani Marekani mwaka 1978, kwa hiyo tabaka za chini za mlango wako huenda zikawa nayo. Msiikwangue wala kuipiga msasa mkavu, msikate mbao kwa msumeno wa umeme, na msizichome hata kidogo, kwa kuwa sumu itaingia kwenye moshi na majivu. Tandikeni plastiki chini, lowesheni sehemu inayobanduka, na watoto wakae mbali hadi usafi uishe. Kisha pigeni simu idara ya taka ya mji, mtaje wazi kwamba ni mbao zenye rangi ya zamani.

Mkazi wa Columbus
Asanteni sana. Springi ni mbili, zimelala juu ya reli za mlalo, moja kila upande.

Fundi Milango
Hizo ni za kuvutika. Zile za kusokotwa, zinazokaa kwenye fito juu ya mlango, ningekukataza kabisa kuzigusa, kwani hulegezwa kwa nondo maalumu na mtu aliyefundishwa, na bisibisi ikitumika badala yake huruka na kuvunja mkono. Zako hukazika mlango unapofungwa na hulegea unapokuwa juu, kwa hiyo hufunguliwa mlango ukiwa umepanda wote, umezuiwa kwa jiliwa, yaani vibano vya chuma, zilizokazwa kwenye reli zote mbili chini ya magurudumu.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Springi zikishatoka, hakuna kinachobeba mlango isipokuwa jiliwa hizo, na mlango wa mbao wa ukubwa huo unaweza kuzidi kilo 100. Watu wawili hawatoshi kuushusha. Mwiteni fundi kwa sehemu hiyo pekee, mumwombe pia aondoe vishikio vya pembe za chini, ambavyo hushikilia kamba za waya na havifunguliwi wakati springi zina mkazo. Mlango ukiwa chini na springi zimetoka, wewe na shemeji mnaweza kuendelea: anzeni na kipande cha juu, fungueni bawaba zake, mkitoe, ndipo mfuate kinachofuata. Msianze chini.

Reli, bawaba na springi zilizolegezwa zipelekeni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mota na betri za rimoti ziende kwenye kituo cha taka za kielektroniki. Mwisho, pangeni mlango mpya uwekwe siku hiyo hiyo, ili nyumba isilale wazi.