Naomba ushauri: gramafoni ya kwanza kwa santuri za zamani

Ndugu zangu, salaam. Marehemu baba mdogo ameniachia sanduku la santuri, nyingi zikiwa zile ndogo za muziki wa dansi za mizunguko 45 kwa dakika, pamoja na chache za taarabu za mizunguko 78, nzito na nyepesi kuvunjika, nami natafuta gramafoni itakayozipiga bila kuziharibu.

Nimebakiza mashine mbili za Audio-Technica. AT-LP60X ni ya bei nafuu na hujiendesha yenyewe, lakini haina mizunguko 78 na mgandamizo wa sindano yake haurekebishiki. AT-LP120XUSB inayo, na sindano iliyokuja nayo inaweza kuchomolewa ikapachikwa AT-VMN95SP, iliyotengenezwa kwa ajili ya santuri za 78, jambo ambalo kwangu ni la msingi, kwa sababu mifereji ya santuri hizo ni mipana na sindano ya kawaida huzama hadi chini kwenye vumbi na mikwaruzo. Moyo wangu umeelemea hii ya pili.

Kwa kuwa zote zina kikuza sauti cha awali (preamp, kinachoongeza nguvu ya mawimbi dhaifu yatokayo kwenye sindano) ndani yake, je, ninunue spika zenye amplifaya yake ndani, au amplifaya ya zamani na spika za kawaida ambazo fundi wa mtaani anaweza kuzitengeneza? Mlioko Dar es Salaam, sindano za akiba mnazipata wapi? Na santuri zilizoota ukungu mnazisafisha kwa kitu gani, ikizingatiwa kwamba spiriti huyeyusha shelaki, yaani utomvu mgumu uliotumika kutengenezea zile za 78?