Unga wa Kusini, mboga za "bio": niwape watoto nini?

Mama Mapasa (Katuba, Lubumbashi)
Hamjambo ndugu zangu. Nyumbani kwetu kila jioni bukari (ugali) inaleta mabishano. Wifi yangu alinitumia picha za panya wenye uvimbe mkubwa ubavuni, na maneno kwamba mahindi ya OGM, yaani yaliyobadilishwa jeni, yanaleta kansa. Tangu siku ile hagusi unga wa mfuko kutoka Afrika Kusini. Anataka pia tununue mboga za "bio" kwa mama mmoja wa mtaa wa Penga Penga ambaye hatii mbolea ya dukani wala dawa ya wadudu. Lengalenga (mchicha) yake ni nzuri kweli, majani mapana, lakini bei ni karibu mara mbili ya soko la Kenya hapa Lubumbashi. Mapasa wangu (pacha) wana miaka minne na wanakula vizuri, namshukuru Mungu. Unga wa Kusini ni OGM kweli? Unadhuru? Na hizo mboga, nilipe hiyo bei?

Baba Neema (Kampemba)
Mama, sikiliza wifi yako. Mwaka 2002 Zambia ilikuwa na njaa, watu karibu milioni tatu walihitaji msaada, na bado Rais Levy Mwanawasa alikataa mahindi ya OGM. Kiongozi hakatai chakula watu wake wakiwa na njaa bila sababu. Mimi nanunua unga wa Zambia tu, hata malori yakikwama mpakani Kasumbalesa nangoja.

Agronomu wa Kasapa
Mama Mapasa, ndiyo, huko Kusini zaidi ya asilimia 80 ya mahindi ni OGM, na meupe ya bukari yamo. Mengi yamewekewa jeni ya bakteria wa udongo anayeitwa Bacillus thuringiensis, ili viwavi wanaotoboa bua wafe. Bakteria huyohuyo wakulima wa bio huko Ulaya wanampulizia kwenye mboga zao, na kanuni za bio zinaruhusu.

Picha za panya zinatoka kwenye utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini wa 2012. Jarida lililouchapa liliuondoa mwaka uliofuata: panya walikuwa wachache mno, tena wa aina inayoota uvimbe kirahisi wakizeeka. Mwaka 2016 Akademia za Sayansi za Marekani zilipitia mamia ya tafiti, hazikuona kwamba chakula cha OGM kinadhuru afya kuliko cha kawaida. Wape watoto bukari.

Baba Neema, heshima yangu kwako. Ila mwaka uleule Zimbabwe na Msumbiji walikubali msaada huo kwa sharti usagwe kwanza, ili punje zisiishie shambani. Mbegu nami inanisumbua. Mbegu ya OGM ina hati miliki, na mkulima wetu wa Kasenga aliyezoea kutunza mahindi juu ya jiko kwa msimu ujao atabaki mikononi mwa kampuni. Hilo tulipiganie. Tumbo la mtoto ni jambo lingine.

Sasa Penga Penga. Mama, nakuomba usinunue mboga huko! Tanuru la kuyeyusha shaba la hapa Lubumbashi lilianza kazi 1911, na kwa miaka mingi upepo ulisukuma moshi wake kaskazini-magharibi, yaani palepale. Udongo ulipokea shaba, kobalti, risasi, kadimi na arseniki. Kuna sehemu hata majani hayaoti, kila mtu ameziona. Mama huyo anaweza kuwa mwaminifu kabisa, hatii dawa hata tone, lakini madini yako ardhini na mboga za majani zinayavuta. Ukiosha, vumbi linatoka. Kilichoingia ndani ya jani kinabaki. Watafiti wa chuo kikuu chetu na wenzao wa Louvain, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakachapisha 2009: kobalti ilikuwa nyingi mno, na watoto ndio waliokuwa nayo zaidi. Nafundisha watu bustani, na roho inaniuma nikiona mzazi analipa zaidi kwa mboga kama hizo kwa sababu ya neno "bio".

Muuza Karanga (soko la Kenya)
Mimi naongeza moja, hakuna aliyeitaja: ukungu. Mahindi au karanga zikihifadhiwa kabla hazijakauka, zinaota kuvu yenye sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini. Nchi ya Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yao wenyewe ya shambani. Mama, karanga nunua nzima. Vunja chache mbele ya muuzaji. Iliyosinyaa, yenye vumbi la kijani kwenye ngozi, yenye uchungu ulimini, acha. Na usinunue ya unga tayari, maana mbovu ndizo zinapelekwa kusagwa, nawaona kila asubuhi.

Mama Mapasa
Aksanti sana. Wifi amesoma yote, kanyamaza kwa unga, lakini anamhurumia yule mama wa bustani, ana watoto sita na hana kiwanja kingine. Agronomu, akipanda kwenye mifuko, kwa udongo wa kuletwa?

Agronomu wa Kasapa
Inawezekana. Udongo utoke mbali na migodi na viwanda, achanganye na samadi iliyooza na chokaa kidogo, mifuko aiinue kwenye mbao isiguse chini. Maji asichote mtoni. Vumbi bado litaanguka, kwa hiyo majani yaoshwe mara mbili. Mwambie aanze na nyanya na bilinganya, matunda yanavuta madini kidogo kuliko majani. Nipigie hodi hapa akiwa tayari, nitakuja kuangalia udongo kabla hajaulipia.