New Orleans Suite ya Duke Ellington: kazi kubwa, au tunamhurumia mzee?

Santuri Chakavu
Wakuu, nimeirudia New Orleans Suite, albamu ya jazz ya mwaka 1970. Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi, ndio alikuwa anaingia miaka 71. Nauliza kwa heshima zote za marehemu: hii ni kazi kubwa kweli, au tunaisifu kwa kuwa aliyeitoa ni mzee na mpiga saksafoni wake, Johnny Hodges, alifariki kabla haijakamilika? Mimi naona nusu yake bendi inajirudia. Ile bendi ya 1940, yenye Jimmy Blanton kwenye besi na Ben Webster kwenye saksafoni, ingeimeza hii asubuhi tu. Halafu ile ogani mwanzoni, jamani!

Mdundo wa Pili
Ogani imekukosea nini? Anayepiga ni Wild Bill Davis, na huo wimbo wa kwanza ndio wenye Hodges, wiki mbili hivi kabla ya kifo chake. Vaa spika za masikioni usikilize anavyoingia. Hana haraka hata kidogo. Anaikamata noti kutoka chini, anaivuta taratibu hadi juu, anaiacha ining'inie, halafu bendi nzima inamjibu kwa kifupi. Wewe umesikia ogani tu. Pole.

Santuri Chakavu
Pole kapeleke msibani. Nimeuliza kuhusu albamu nzima, wewe unanijibu kwa wimbo mmoja.

Kamba Nne
Hodges si ndiye aliyefia jukwaani akipiga? Nilisoma mahali.

Mama Tarumbeta
Hakufia jukwaani, mwanangu. Alifia kwa daktari wa meno, New York, Mei 11, 1970. Moyo. Siku mbili baadaye wenzake waliingia studio kurekodi nyimbo zilizobaki, bila yeye.

Kamba Nne
Daktari wa meno! Na nyie mnanishangaa ninavyoogopa kung'olewa jino.

Nyuzi Tupu
Tuambizane ukweli. Ile bendi ilikuwa ya Hodges. Duke alikuwa mpiga piano mwenye suti nzuri na maneno matamu.

Mdundo wa Pili
Umesemaje? SUTI? Huyo mwenye suti mwaka 1965 jopo la muziki la Pulitzer, zile tuzo kubwa za Marekani, lilipendekeza apewe tuzo maalumu, bodi ikakataa, wawili kwenye jopo wakajiuzulu. Yeye akiwa na miaka 66 akajibu kwamba majaliwa hayataki awe maarufu sana akiwa bado kijana. Jibu kama hilo suti yako inaweza kulitoa? Wakaja kumpa 1999, yuko kaburini miaka 25.

Nyuzi Tupu
Si ndiyo hayo maneno matamu niliyosema? Asante kwa ushahidi. Na nyimbo je? Hodges alikuwa akikaa kwenye kiti chake jukwaani anamtazama Duke huku vidole vinahesabu pesa za hewani, kila bendi inapopiga wimbo uliotokana na vipande vyake. Kwa nini alifanya vile? Juan Tizol naye, mpiga tromboni wa bendi aliyetunga wimbo wa Caravan, muulizeni malipo yake ya mwanzo yalikuwa kiasi gani.

Mama Tarumbeta
Caravan msimbebeshe Duke peke yake. Irving Mills, meneja, jina lake limo pia kwenye wimbo na hakupuliza hata filimbi.

Mdundo wa Pili
Na huyo Hodges "mwenye bendi" alijiondoa 1951, akaunda ya kwake. 1955 huyoo, karudi. Bendi ni yake, sasa alikuwa anarudi kwa nani?

Nyuzi Tupu
Kwa mshahara, ndugu yangu. Kama wewe unavyorudi kazini Jumatatu.

Kamba Nne
Nimekaa pembeni na karanga zangu 😂

Santuri Chakavu
Hivi kuna mtu anakumbuka nimeuliza nini?

Mama Tarumbeta
Mimi nakumbuka. Sikiliza Portrait of Sidney Bechet humo ndani, wimbo wa kumkumbuka Bechet, mpiga soprano wa New Orleans. Duke alitaka Hodges arudie saksafoni ya soprano aliyoiacha miaka mingi, maana Bechet ndiye aliyemfundisha akiwa kijana. Hodges akafa, ikabidi Paul Gonsalves aupige wimbo huo kwa saksafoni ya tenor. Hajaribu kuwa Bechet, wala Hodges. Anapuliza kwa pumzi nyingi, sauti ya chini chini, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Bendi inayojirudia haifiki pale. Na mzee aliyepoteza mtu wa kulia kwake akamudu kupanga upya wimbo kwa siku hizo, wewe unataka kumlinganisha na 1940?

Santuri Chakavu
Hapo kidogo nakuelewa, Mama. Ila ogani bado siitaki.

Mdundo wa Pili
Huna masikio, basi.

Nyuzi Tupu
Mama, mbona umeruka swali la pesa? Gonsalves alilipwa nini kwa kuziba pengo? Mwenye suti ndiye jina lake liko juu ya jalada.

Mdundo wa Pili
Wewe na suti! Harry Carney, mpiga saksafoni ya baritone, alianza na Duke 1927 na alikuwepo hadi Duke anakufa 1974. Miaka 47 mtu anang'ang'ania suti? Nijibu hilo kwanza.

Nyuzi Tupu
Carney ndiye aliyekuwa dereva wa Duke. Tuanzie hapo.