Besi ya kutembea kwenye gitaa la jazi: kila nikichomekea kodi, besi inakatika

UziWaSita aliuliza:

Habari zenu, wapenzi wa gitaa. Najifunza kupiga besi ya kutembea, yaani noti moja ya besi katika kila pigo kati ya mapigo 4 ya kipimo, huku nikichomekea kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, juu yake kana kwamba wapigaji tuko wawili. Mstari wa besi peke yake naupiga bila shida, na kodi peke yake vilevile. Nikiviunganisha, besi inakatika kila ninapofika kwenye kodi, kwa sababu vidole vilivyoshika kodi ndivyo vinavyotakiwa kwenda kwenye noti inayofuata. Natumia bluzi ya vipimo 12, yaani mzunguko wa vipimo 12 unaorudiwa, katika ufunguo wa G. Je, nahitaji mazoezi ya vidole tu, au kuna jambo ninalolikosea tangu mwanzo?

BesiKwanza alijibu:

Ndugu yangu, kwa maelezo yako naona unaishikilia kodi muda mrefu kuliko inavyohitajika. Katika upigaji huu kodi hugongwa na kuachwa papo hapo, na sikio la msikilizaji hubaki nayo hata baada ya vidole kuondoka. Besi ndiyo isiyoruhusiwa kunyamaza.

Jambo la pili ni wingi wa noti. Punguza kodi ibaki na noti mbili tu, ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka noti ya msingi inayoipa kodi jina, kwa kuwa hizo ndizo zinazoitambulisha, na noti ya msingi tayari imo kwenye besi. Kwa kodi ya G7, bonyeza freti (kigawanyo cha shingo ya gitaa) ya 3 ya uzi wa 4, ukihesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba zaidi, na freti ya 4 ya uzi wa 3. Ukitaka C7, shusha noti zote mbili freti moja. Ukitaka D7, zipandishe freti moja kutoka kwenye G7. Kodi zote tatu za bluzi yako zimekaa katika eneo dogo kiasi hicho, kwa hiyo mkono hauna sababu ya kurukaruka.

Sasa jaribu mstari huu. Katika kipimo cha kwanza, piga freti ya 3 ya uzi wa 6 kwa kidole cha kati, kisha freti ya 2 ya uzi wa 5 kwa kidole cha shahada. Kidole cha pete na cha mwisho bado viko huru, hivyo vitashika kodi ya G7, nawe utaigonga katikati ya pigo la 2 na la 3. Iachie mara moja, ushuke kwenye uzi wa 5 kwa freti ya 5 na ya 4, kwa kidole cha mwisho na cha pete, na kidole cha kati kitajikuta juu ya freti ya 3, ambayo ni C, mwanzo wa kipimo cha pili. Hapo gonga kodi ya C7 mara tu baada ya pigo la 1, kabla kidole cha shahada hakijaitwa kwenye freti ya 1 ya uzi wa 5. Kisha piga uzi huohuo wa 5 ukiwa wazi, yaani bila kubonyeza freti yoyote, halafu freti ya 4 ya uzi wa 6, nawe utakuwa umerudi G. Huo uzi ulio wazi usiudharau, kwani ndio unaokupa nafasi ya kuhamisha mkono.

NusuToni alijibu:

Nakubaliana na BesiKwanza, ila ningependa muuliza swali aelewe kwa nini mstari huo unatembea, asije akaukariri tu. Angalia pigo la 4 katika vipimo vyote viwili: noti yake iko nusu toni, yaani freti moja, juu ya noti inayolengwa mwanzoni mwa kipimo kinachofuata, kwa hiyo sikio linavutwa kwenda mbele. Unaweza pia kuijia kutoka nusu toni chini. Anayelijua pigo la 4 anaweza kuyajaza mapigo ya katikati kwa noti za kodi au za skeli bila wasiwasi mkubwa.

Kwa maoni yangu, wasikilize wapiga besi kabla ya wapiga gitaa. Nyuzi 4 nzito za gitaa ni E, A, D na G, sawa na za besi kubwa, ila ziko oktava moja juu. Kwa hiyo mstari wa Ray Brown au Paul Chambers unaweza kuupata kwenye gitaa lako kwa nyuzi zilezile. Baadaye msikilize mpiga gitaa Joe Pass, hasa rekodi alizofanya mwaka 1973 na mwimbaji Ella Fitzgerald, wakiwa wawili tu.

DoleGumba alijibu:

Naongeza la mkono wa kulia tu: besi yote ipigwe kwa dole gumba, na kodi kwa kidole cha shahada na cha kati, ili sauti mbili zitofautiane. Metronomi, kile kifaa cha kugonga mapigo, nayo iweke igonge kwenye pigo la 2 na la 4.

UziWaSita alijibu:

Nawashukuru sana. Nimejaribu kwa siku nne, na kwa mwendo wa taratibu besi haikatiki tena. Tatizo limebaki kwenye kipimo cha 9, ninapoingia D7: nikiongeza kasi, kodi inachelewa.

BesiKwanza alijibu:

Basi usiipige. Piga besi peke yake katika kipimo cha 9, uchomekee kodi kipimo cha 10 unaporudi C7. Hakuna anayekudai kodi katika kila kipimo, na mimi mwenyewe huviacha vipimo vingi bila kodi hata pale ninapoweza kuipiga.