Wasifu wa afisa wa jeshi katika nyaraka za ubalozi: tuupe uzito gani?

Mwalimu wa Milimani, Kisumu

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikikusanya kumbukumbu za maafisa wa jeshi waliotoka upande huu wa magharibi mwa Kenya na waliohudumu katika miongo miwili ya kwanza baada ya uhuru. Mwezi uliopita nilipata waraka wa ubalozi wa Marekani wa miaka ya 1970, ambao sasa umefunguliwa kwa umma, wenye aya mbili kuhusu afisa mmoja nisiyetaka kumtaja kwa sababu jamaa zake ni majirani zetu. Aya ya kwanza inaeleza shule aliyosomea, kozi alizofanya ng'ambo, lugha anazozungumza, idadi ya watoto wake na kwamba hanywi pombe. Aya ya pili inasema kwamba ni mtu mwenye uchu wa cheo, asiyeaminika, na anayewapendelea watu wa kabila lake.

Nilimpelekea mwanawe, ambaye sasa ni mzee wa miaka zaidi ya sitini. Aya ya kwanza aliisoma akitabasamu. Alipofika ya pili alivua miwani, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni na kuniambia, "Mwalimu, aliyeandika haya alikula kwetu." Tangu siku hiyo sijaweza kuendelea na sura ile. Ningependa kujua watu hawa waliandika kwa idhini gani, habari zao walizitoa wapi, na kama ni haki kuzinukuu katika kitabu kitakachosomwa na wajukuu wa mhusika.

Mhifadhi wa Nyaraka, Nakuru

Mwalimu, pole kwa mzigo huo. Nimeshinda na mafaili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nitakueleza ninavyoyasoma mimi.

Kuandika kwenyewe hakukuwa kosa. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unataja, miongoni mwa kazi za ubalozi, kuchunguza kwa njia zote halali hali ya nchi mwenyeji na kuiripoti kwa serikali iliyoutuma. Ibara ya 7 inairuhusu nchi mwenyeji kudai majina ya waambata wa kijeshi, yaani maafisa wa jeshi wanaofanya kazi ubalozini, mapema ili iyakubali au iyakatae, na hilo pekee laonyesha kwamba kila upande unajua mwambata amekuja kufanya nini. Waingereza walikuwa na desturi ya zamani zaidi: balozi zao zilituma London ripoti ya watu mashuhuri wa nchi husika, mwaka baada ya mwaka, kila mtu akiwa na aya yake, na ofisa mpya alipowasili aliirithi aya ya aliyemtangulia, akaongeza sentensi hapa na kufuta nyingine pale. Hapo ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu sana, kwa sababu neno lililoandikwa na mtu mmoja jioni moja liliweza kuishi miaka mingi, likinakiliwa na watu ambao hawakuwahi kumwona mhusika kwa macho yao.

Jambo la pili ni kwamba hizo aya zako mbili hazina mzazi mmoja. Mambo ya shule, kozi na watoto kwa kawaida hutoka kwenye fomu ambazo afisa mwenyewe hujaza anapopelekwa kusoma ng'ambo, au kwenye maelezo yanayotolewa na makao makuu yake. Sifa na kasoro za tabia hutoka kwenye mazungumzo, na mazungumzo yana msemaji. Itafute tarehe ya waraka, jina lililo chini yake, na waraka uliotangulia na ule uliofuata. Nyaraka nyingi za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani za kuanzia 1973 hadi 1979 zinaweza kusomwa katika hifadhi yao ya taifa kwa njia ya mtandao, na mara nyingi zile za wiki hiyohiyo hukuonyesha kilichowafanya waulize habari za mtu huyo wakati huo.

Afande Mstaafu, Lanet

Niliwahi kukaa upande wa pili wa meza hiyo, nikiwa afisa kijana katika mesi, yaani ukumbi wa chakula wa maafisa, hapa Lanet. Kumbukeni kwamba kambi hii ndiyo iliyoshuhudia maasi ya Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles usiku wa Januari 24, 1964, siku chache tu baada ya wanajeshi wa Tanganyika na Uganda kuasi, na wanajeshi wa Uingereza ndio walioyazima. Baada ya juma lile, hakuna ubalozi uliokuwa tayari kubaki bila kujua ni nani anayeamuru kikosi gani.

Namkumbuka mwambata mmoja, sitataja nchi yake, aliyekuja kwenye karamu yetu na kushika glasi moja ya soda kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Hakuniuliza lolote kuhusu silaha. Aliuliza nilisomea wapi, baba yangu alifanya kazi gani, ni nani aliyenifundisha kulenga shabaha, na kama nilimpenda mkubwa wangu. Nilipotoka nje kupunga upepo nilimwona kando ya gari lake akiandika nyuma ya kadi aliyokuwa amepewa na mwenzangu, kwa herufi ndogondogo, akiigeuza kadi ili nafasi imtoshe. Nilielewa usiku ule kwamba maswali yale ya upole ndiyo yaliyokuwa kazi yake.

Ninachotaka kumwambia Mwalimu ni hiki: walioulizwa tulikuwa sisi kwa sisi. Mgeni hakuwa na njia ya kujua kwamba fulani ana uchu wa cheo isipokuwa aambiwe na aliyekitaka cheo hichohicho.

Mwanafunzi wa Uhusiano wa Kimataifa, Kakamega

Kwa heshima zote, wazee wangu, naona mnaipamba kazi hii kupita kiasi. Waraka wa Julai 2009 uliotumwa kwa jina la Hillary Clinton, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na ambao WikiLeaks, tovuti ya kufichua nyaraka za siri, iliuanika mwaka uliofuata, uliwataka wanadiplomasia wakusanye nambari za kadi za benki za maafisa wa Umoja wa Mataifa, pamoja na nambari za kadi zao za wasafiri wa ndege. Serikali ya Marekani ilijibu kwamba wanadiplomasia wake si majasusi. Lakini nambari ya kadi ya benki ya mtu haipatikani kwa kula naye chakula. Msingi wa Vienna ni neno "halali", na neno hilo likivunjwa, mimi singenukuu chochote kutoka faili la aina hiyo.

Mhifadhi wa Nyaraka, Nakuru

Mwanangu, hoja yako kuhusu 2009 ni ya kweli na siipingi. Hata hivyo tukikataa kuyasoma mafaili haya, tutabaki bila ushahidi wa jinsi tulivyopimwa, na vipimo hivyo vilitugharimu.

Mtazame Idi Amin. Waingereza walikuwa wamemjua kwa miaka mingi ndani ya King's African Rifles, jeshi lao la kikoloni la Afrika Mashariki, na mwaka 1962 maafisa wao walikuwa na habari za mauaji ya Waturkana, hapa kwetu Kenya, ambayo yeye na askari wake walituhumiwa kuyafanya katika operesheni ya kuzuia wizi wa mifugo. Hakushtakiwa, kwa kuwa uhuru wa Uganda ulikuwa umekaribia na yeye alikuwa mmoja wa Waafrika wachache mno waliopewa uafisa. Alipompindua Rais Obote wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, London iliitambua serikali yake kabla ya wiki mbili kwisha, na Julai mwaka huohuo alipokewa huko kama mgeni wa heshima. Agosti 1972 alitangaza kuwafukuza Waasia. Habari mbaya zaidi kuhusu mtu huyo haikukosekana. Aliyeipima aliiona nyepesi kuliko faida ya kuwa na rafiki Kampala. Kwa hiyo, Mwalimu, ukiinukuu aya ya pili, mnukuu pia mwandishi wake na alichokuwa akikitafuta.

Mwalimu wa Milimani, Kisumu

Nawashukuru nyote. Jana nilirudi kwa yule mzee, nikamwomba radhi kwa namna nilivyomletea karatasi ile, kisha nikamuuliza kuhusu mlo wenyewe. Anakumbuka kwamba ilikuwa Jumapili, kwamba mama yake alipika kuku na kwamba yule mgeni alikula ugali kwa mkono. Anakumbuka pia kwamba mgeni hakuja peke yake. Aliletwa na afisa mwenzake baba, na baada ya chakula mgeni na afisa huyo walizungumza kwa muda mrefu chini ya mwembe. Tarehe ya waraka ni siku tisa kabla ya orodha ya kupandishwa vyeo kutangazwa, na baba yake hakuwamo. Yule mwenzake alikuwamo.

Siwezi kudai kwamba nimethibitisha ni nani aliyesema nini chini ya mwembe ule. Mzee ameniruhusu kuiweka aya yote kitabuni, neno kwa neno, mradi ule mlo wa Jumapili uandikwe kando yake.